Gorila wa Kongo alikuwa Mfilipino



Wiki iliyopita, katika mazungumzo yetu, mmoja wetu alituma picha ya Wachina wanaopima barabara, akaandika chini yake: "Musiwachokoze, wote wanajua karate." (Karate ni ya Wajapani, lakini tuendelee.) Tulicheka, hata mimi. Kisha dada mmoja aliyesomea sheria akauliza: "Na ninyi mukifika kwao, watasema munajua nini?" Kicheko kikaisha palepale na hakuna aliyemjibu. Niliahidi kuandika kitu. Kwa kuwa nilisomea historia, namna yangu ya kujibu ni kurudi nyuma, na safari hii nimerudi nyuma mbali kidogo.

Sisi tuliokulia Butembo tulijifunza Asia kwenye vyumba vya video. Mbao za kukalia, turubai juu, jenereta inanguruma nyuma ya nyumba, na kanda zilizopita Kasindi zikiwa tayari na sauti ya mtafsiri wa Kampala anayesema Kiganda juu ya Kichina. Lugha hizo mbili hatukuzijua, na bado tulielewa kila kitu, juu Mwasia kwenye filamu alikuwa na kazi mbili tu: kupiga ao kupigwa. Hata kama kwenye kioo alikuwa Jackie Chan ao Jet Li, kwetu wote walikuwa Bruce Lee. Walinda amani kutoka Nepal walipokuja Beni, watoto waliwakimbilia kando ya barabara wakirusha mateke hewani na kupiga zile kelele za filamu. Nilikuwa kati ya watoto hao. Nakumbuka askari mmoja alitutazama kwa uchovu mkubwa, kama mtu ambaye wamemuita kwa jina lisilo lake mwaka mzima.

Hatukuibuni picha ile sisi. Tuliipokea ikiwa imeshatengenezwa. Na nilipoanza kutafuta wapi ilitengenezwa, nikakutana na kitu ambacho sikutegemea: katika karakana ileile ya Hollywood, miaka ileile, meza moja ilikuwa inamtengeneza Mwasia wa filamu na meza ya jirani ilikuwa inamtengeneza Mkongomani wa filamu. Mara moja, meza hizo mbili zilishona nguo moja.

Mwaka 1930 ilitoka Marekani filamu iitwayo Ingagi. Ndugu zetu wa Rutshuru hawahitaji tafsiri, ni jina la gorila katika Kinyarwanda. Kampuni iliyoitoa ilijiita Congo Pictures. Iliwaambia watu kwamba hii ni safari ya kweli ya mpelelezi Mwingereza, Sir Hubert Winstead, ndani ya misitu ya Kongo, na kwamba kamera yake imeshuhudia mambo ambayo hakuna mzungu aliyewahi kuyaona: Bambuti, wanyama wasiojulikana na sayansi, na kabila linalotoa wanawake wake kama sadaka kwa magorila. Watu walijipanga kwenye milango ya sinema. Filamu ile iliingiza pesa mingi sana.

Sir Hubert Winstead hakuwahi kuwepo duniani. Sehemu kubwa ya picha za Afrika iliibwa kutoka filamu ya zamani, ya mwaka 1915. Mnyama mpya wa sayansi alikuwa kobe aliyebandikwa mabawa na magamba. "Bambuti" walikuwa watoto weusi wa Los Angeles. Na gorila wa Kongo, yule mkubwa wa kutisha anayebeba mwanamke msituni, alikuwa kijana mfupi Mfilipino aitwaye Charles Gemora, ndani ya nguo ya manyoya aliyoitengeneza mwenyewe. Gemora alikiri. Mwaka 1933 tume ya serikali ya Marekani inayosimamia biashara ikaamuru kampuni iache kuitangaza filamu ile kama kitu cha kweli. Lakini kufikia wakati ule, waliotaka kuiona walikuwa wameshaiona.

Niliposoma habari hii mara ya kwanza nilicheka peke yangu, usiku, mpaka mama akauliza kama niko mzima. Halafu nikaanza kuifikiria. Tazameni mgao wa kazi: mtu wa Asia anavaa ngozi ya mnyama wetu, watoto wa Wamarekani weusi wanavaa miili ya jirani zetu, na Mwingereza ambaye hayupo njo anaeleza. Kila mtu amewekwa fasi ambayo wenye studio waliona anafaa. Mkongomani mwenyewe hakuhitajika hata kidogo.

Huyu Gemora anastahili dakika mbili. Alizaliwa Ufilipino mwaka 1903, kisiwa cha Negros, akaingia Marekani kijana kwa kujificha ndani ya meli. Alikuwa na mikono ya ajabu. Alichonga, alichora sura za watu, alitengeneza mapambo ya filamu, na baadaye akawa fundi wa kubadilisha sura za waigizaji. Lakini alipokuwa mbele ya kamera, kwa miaka mingi kazi yake ilikuwa gorila. Filamu baada ya filamu, gorila. Mwaka 1953 alipata mabadiliko: katika The War of the Worlds aliigiza kiumbe kutoka sayari ya Mars. Mtu mwenye kipawa hicho alifika mwisho wa maisha watazamaji wakimjua kama mnyama na kama kiumbe wa anga, na wengi wao hawakujua sura yake.

Mwenzake ni Anna May Wong, na yeye sura yake ilijulikana dunia nzima. Alizaliwa Los Angeles mwaka 1905, mtoto wa familia ya Kichina yenye kazi ya kufua nguo. Akiwa na miaka 17 alikuwa na nafasi kubwa katika The Toll of the Sea: mwanamke wa Kichina anapendwa na Mmarekani, anaachwa, anajitoa baharini. Nafasi za baadaye zilifanana kama mayai ya kuku mmoja. Ama ni mjakazi, ama ni mwanamke wa hila mwenye kisu kwenye mkono wa nguo, na kabla ya filamu kuisha lazima afe ili mzungu aoe mzungu mwenzake. Alichoka, mwaka 1928 akaenda Ulaya kutafuta kazi.

Kisha ikaja The Good Earth. Kampuni ya MGM ilitaka kutengeneza filamu juu ya wakulima wa China, na mwigizaji mkubwa kuliko wote mwenye asili ya Kichina alikuwa yeye. Nafasi ya mke wa mkulima ilikuwa kama imeshonwa kwa vipimo vyake. Lakini nafasi ya mume ilishapewa mzungu, Paul Muni, aliyepakwa rangi na kuvutwa macho. Na desturi na kanuni za studio za wakati ule hazikuruhusu mapenzi kati ya watu wa rangi tofauti kwenye kioo. Basi kwa kuwa Mchina wa uongo hawezi kuoa Mchina wa kweli, mke naye akawa mzungu: Luise Rainer, mzaliwa wa Ujerumani. Anna May Wong alipewa nafasi ya pili, ya mwanamke anayeharibu ile familia. Alikataa. Rainer alipata Oscar kwa kazi ile ya mwaka 1937.

Someni tena hiyo sentensi ya "Mchina wa uongo hawezi kuoa Mchina wa kweli." Nimeisoma mara nyingi na bado inanipiga. Wong alifariki 1961. Gemora naye, 1961. Mwaka uleule Hollywood ilimtoa Mickey Rooney na meno ya bandia akiigiza Mjapani wa kuchekesha katika Breakfast at Tiffany's. Ilibidi kungoja hadi 2023 ili mwanamke wa Asia, Michelle Yeoh wa Malaysia, apate ile Oscar ya mwigizaji mkuu wa kike.

Sasa turudi nyumbani, juu kwetu ndipo ninapotaka kukaa.

Mwaka 1905, mwaka ule aliozaliwa Anna May Wong, mwindaji Mwingereza aitwaye James Harrison alitoka katika msitu wa Ituri akiwa na watu sita wa Bambuti, akawapeleka London kwa njia ya Mto Nile na Misri. Majina yao yaliandikwa na wazungu kila mtu kwa namna yake, lakini tunayo: Bokane, Kuarke, Mogonga, Matuka, Amuriape na Mafutiminga. Wanaume wanne na wanawake wawili. Hilo jina la mwisho, ukilisoma kwa sikio la Kiswahili chetu, unasikia "mafuta mingi", na ninapenda kufikiri kwamba kuna mtu alikuwa anatania. Walicheza kwenye ukumbi mkubwa wa London, Hippodrome, wakapelekwa Bungeni kuonyeshwa kwa wakubwa, wakazungushwa miji ya Uingereza. Sauti zao zilirekodiwa kwenye sahani za gramafoni mwaka ule wa 1905, kabla ya wengi wa babu zetu kuona gari. Kati ya maonyesho walikaa katika nyumba ya Harrison, mashambani Yorkshire. Novemba 1907 walipanda meli kurudi.

Mwaka mmoja kabla ya hapo, Septemba 1906, upande mwingine wa bahari, Ota Benga, kijana wa Kongo upande wa Kasai, alikuwa ameonyeshwa New York katika hifadhi ya wanyama ya Bronx, ndani ya nyumba ya nyani. Wachungaji weusi wa Marekani walipiga kelele mpaka akatolewa. Hakurudi tena nyumbani. Alijiua kwa bunduki mwaka 1916, huko Virginia. Shirika lenye hifadhi ile liliomba radhi mwaka 2020.

Naeleza haya kwa sababu sinema haikuanza na ukurasa mtupu. Kamera ilipofika Ituri, mwigizaji wake alishachaguliwa zamani na nafasi yake ilishaandikwa. Ilibaki tu kumwasha taa.

Waliokuja kuiwasha walikuwa mume na mke wa Kimarekani, Martin na Osa Johnson. Walizunguka pande zetu kuanzia 1929 wakiwa na magari, mashine za sauti, sanduku kwa sanduku za filamu. Mwaka 1932 wakatoa Congorilla, iliyotangazwa kama filamu ya kwanza ya sauti iliyopigwa yote Afrika. Chini ya jina lake waliandika kwamba ni safari kati ya nyani wakubwa na watu wadogo wa Afrika ya kati. Mstari mmoja, nyani na watu, "na" katikati. Ndani ya filamu kuna Mbuti anayepewa sigara kubwa ya kizungu ili tumcheke akiivuta, na kuna sehemu ambapo Bambuti wanapigiwa muziki wa jazi kwenye gramafoni ili wacheze.

Hapo kwenye gramafoni nasimama kidogo. Hawa ni watu wenye kuimba kwa sauti nyingi zinazosukana, mtu akianza pale mwingine ameachia, kiasi kwamba wataalamu wa muziki wamesafiri nusu ya dunia ili kuwasikiliza. Unawafikia ukiwa na mashine ya kurekodi sauti, na unachofikiria ni kuwapigia santuri ya kwenu uone watarukaje! Miaka 20 hivi baadaye, mtafiti Colin Turnbull alikuja Epulu akafanya kinyume, alinyamaza akarekodi. (Huyohuyo Turnbull, alipokuwa bado kijana anayetafuta kazi, aliajiriwa kusaidia kutengeneza na kusafirisha ile boti ya The African Queen, filamu ya 1951 iliyopigwa upande wa Ubundu na Uganda, ambamo Waafrika wanaimba vibaya kanisani mwanzoni, wanachomewa kijiji, kisha tunabaki na wazungu wawili kwenye boti mpaka mwisho.) Kipande kimoja alichokirekodi Turnbull, wimbo wa wasichana wa jando lao la kike, sekunde 56, kiliwekwa kwenye ile sahani ya dhahabu ya vyombo vya anga vya Voyager mwaka 1977. Leo wasichana wa Ituri wanaimba nje ya eneo la jua. Katika orodha ya sahani ile, chini ya Zaire, limeandikwa jina la aliyerekodi. Ya walioimba hayamo.

Nimeahidi Congorilla na bado sijafika sehemu inayotuhusu zaidi sisi Wayira. Akina Johnson walitaka pia magorila wazima. Hawakuwapata Ituri. Walipanda kwenye milima waliyoiandika Alumbongo. Ndiyo, ni Alimbongo yetu, kule Lubero, kwenye baridi na viazi, fasi ambayo siku hizi ukiisikia redioni ni habari ya vita tu. Huko waliwazingira magorila wawili wachanga waliopanda juu ya mti, wakakata miti ya kando, mwisho wakaangusha na ule mti wenyewe. Mmoja wakamuita Ngagi. Wa pili wakamuita Mbongo, kwa kufupisha jina la milima. Mwaka 1931 wakafika katika hifadhi ya wanyama ya San Diego, California, wakawa maarufu kupita mawaziri. Mbongo alikufa 1942, Ngagi 1944. Uzito wao uliandikwa, chakula chao, tabia zao, siku za kufa kwao. Hata sanamu zao zilichongwa.

Kwa hiyo, kutoka filamu moja iliyopigwa kwetu, tunajua majina ya magorila wawili na tarehe zao. Yule mzee wa sigara hatumjui. Na wanaume walioshika mashoka kule Alimbongo? Watu wawili wa Marekani hawakuangusha msitu peke yao. Lazima ni watu wa vijiji vya pale, na sehemu kubwa ya watu wa pale ni babu zetu.

Juu ya filamu zilizofuata sitakaa sana. Wabelgiji walikuwa na udhibiti wao: filamu fulani kwa wazungu, nyingine kwa wenyeji. Mapadre wa Scheut kule Kasai walitengeneza vichekesho vya Matamata na Pilipili katika miaka ya 1950, na wazee waliovitazama bado wanavicheka kwa upendo, nami sina haki ya kuwakataza. Lakini mukivitazama leo mutaona kwamba Mkongomani amepanda daraja kidogo tu: kutoka mtu wa msituni amekuwa mtu wa mjini anayekosea mpaka apate mafundisho.

Sasa inakuja sehemu ambayo nilisita kuandika.

Wakati wa Ebola, ile ya 2018 mpaka 2020, Beni na Butembo zilijaa wageni wenye kamera. Wengi wetu hapa tulipata kazi kwao. Tuseme ukweli, kwa mwenye diploma asiye na kazi, kumtafsiria mzungu siku moja ni mshahara wa mwezi wa mwalimu. Mimi nilipata siku tatu na timu moja ambayo sitaitaja. Siku ya tatu waliomba kwenda kwa Bambuti waliokimbia vita na kujenga vibanda kando ya barabara upande wa Oicha. Tulifika. Mzee wao alitupokea vizuri, akaleta kiti. Alikuwa amevaa shati la mikono mirefu, la mistari, limepigwa pasi. Vijana wake walikuwa na jezi za mpira.

Mpiga picha alitazama, akanyamaza, akaniita kando. Aliongea kwa adabu kabisa. Alisema picha itachanganya watazamaji, hawataelewa kama ni Bambuti. Tuwaombe watoe mashati, wasimame karibu na miti, si karibu na vibanda vya turubai.

Ndugu, hakuna aliyenishika shingo. Nilirudi kwa mzee, mimi mwenye lisanse ya historia, nikamwambia kwa sauti ya chini: "Papa, wanaomba mutoe mashati."

Akaniuliza: "Juu ya nini?"

"Juu ya picha."

Akatazama shati lake, akalishika kwenye kola. "Hii shati nilinunua Oicha. Nililipa."

Sikuwa na jibu. Nikasema, "Naelewa, papa. Ni kidogo tu, kisha mutavaa." Alitoa. Alilikunja vizuri, akampa mjukuu wake ashike. Walipiga picha kama dakika 20. Mzee alisimama vile alivyoambiwa, akatazama vile alivyoambiwa, na naweza kuwaambia kwamba aliigiza vizuri sana, juu sura aliyoitoa mbele ya kamera haikuwa ile ya mtu aliyetuletea kiti. Alikuwa anaijua ile nafasi kuliko mpiga picha. Nadhani watu wake wameiigiza tangu Bokane.

Kamera zilipozimwa alivaa tena, akafunga vifungo kimoja kimoja. Akaniuliza: "Na ile ingine, yenye niko na shati, walipiga?"

Nikasema hapana.

Baadaye nilijifariji kwamba ni wazungu. Lakini nyinyi munakumbuka vichekesho vya mwisho wa mwaka shuleni, hapa hapa Butembo. Mutoto mfupi kuliko wote darasani anapakwa majivu, anapewa upinde wa mti, anaingia akisema Kiswahili cha kuvunjikavunjika, na wazazi wote wanacheka mpaka machozi. Anaiba ndizi. Anaogopa redio. Sisi Wayira tuliandika ule mchezo bila msaada wa Hollywood. Nilishawahi kuuigiza, mimi ni mfupi. Serikali imetoa sheria ya tarehe 15 Julai 2022 ya kulinda haki za Bambuti na wenzao, na ni sheria nzuri, yenye ardhi, afya na masomo ndani yake. Lakini mpaka leo sijaona katika mchezo wetu hata mmoja Mbuti ambaye ni muuguzi ao mwenye duka, na wako.

Sasa naona kwa nini swali la yule dada lilituzimisha. Sisi wenyewe, wa Beni na Butembo, tumeshapewa nafasi yetu katika filamu za leo. Tunaingia tukilia, tunasimulia nani alikatwa na lini, tunatoka. Kila kijana aliyefanya kazi na wageni anajua maswali kabla hayajaulizwa. Mama muuza kitenge mwenye nyumba mbili, ukimpeleka mbele ya kamera, atafunga kitambaa cha zamani kichwani bila kuambiwa. Maumivu ni ya kweli, Mungu anajua, tumezika sana. Ila mtu aliyezika asubuhi anaweza mchana kupiga hesabu ya bei ya kakao, kugombana na bwana yake, kutaniana na boda. Hizo saa nyingine zote hazipigwi.

Kuna Wakongomani wanaojaribu namna nyingine. Dieudo Hamadi wa Kisangani, katika En route pour le milliard ya 2020, aliwafuata walemavu wa ile vita ya siku sita ya mwaka 2000 wanaposhuka mto mpaka Kinshasa kudai fidia yao. Wamekatwa miguu, ndiyo, lakini wanagombana, wanapanga hesabu, wanaimba, wana hata kikundi chao cha michezo ya kuigiza wanapoonyesha wenyewe yaliyowapata. Ukimaliza kuitazama unakumbuka tabia zao kabla ya vidonda vyao. Goma nako, Petna Ndaliko na vijana wa Yole!Africa wamekuwa wakizirudia picha za kikoloni na kuzihoji. Butembo tuko na simu nzuri na vijana wanaojua kukata video kuliko mimi ninavyojua kukata nyanya. Wengine wameshaanza.

Kwa upande wangu nimeanza na kitu kidogo. Kama munatoka Alimbongo, ao bibi yenu anatoka huko, muulizeni kama aliwahi kusikia kwa wazazi wake habari ya wazungu mume na mke waliokata miti ili kushika watoto wawili wa gorila, zamani za Wabelgiji, karibu 1930. Natafuta majina ya walioshika mashoka. Hata jina moja, hata la utani. Na kama kuna anayepita Oicha, nitamuomba anisindikize: ninataka kumtafuta yule mzee, na safari hii kamera nitakuwa nayo mimi, naye atachagua shati.